Asali ni tamu, lakini si ya kila mdomo

Baridi ya Juni ikishaingia, na ukungu ukaanza kukaa juu ya mibuni ya Ruiru mpaka saa nne za asubuhi, hakuna chupa inayotafutwa kabatini kama chupa ya asali. Mtoto akikohoa usiku, asali. Baba akirudi kazini koo limemkauka, asali. Msichana wa chuo anayeishi Juja ana chunusi, na mwenzake wa chumbani amemshauri apake asali. Naye nyanya aliyetoka mashambani kuja kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi huenda ameibeba kikapuni, amlambishe mtoto kidogo tu, ili aanze maisha kwa utamu.

Mpenzi msomaji, hao watatu wa kwanza tunaweza kuwapa ushauri wa kuwafaa. Huyo wa nne hatuna budi kumzuia, kwa heshima zake zote, na ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Lakini kwanza twende sokoni, maana asali isiyo asali haimfai mtu yeyote.

Sehemu kubwa ya asali tunayoijua sisi wa Thika na Ruiru hutoka Ukambani. Barabara ya Garissa inayoondoka Thika kupitia Matuu hadi Mwingi ndiyo njia yake. Huko nchi ni kavu, ya migunga na vichaka, na mvua ikinyesha maua huchanua kwa pamoja na nyuki wakapata kazi. Wakamba wamefuga nyuki tangu jadi katika mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Wao huuita mzinga huo mwatu, na Wakikuyu nao huuita vivyo hivyo. Kwa wazee wa Kikuyu, asali haikuwa ya kupaka mkate. Ilichachushwa kwa tunda la muratina ikawa pombe ya heshima, ile inayopelekwa ukweni siku ya ruracio.

Mzinga wa gogo una ubaya mmoja kwa mnunuzi. Mrina asali huingiza mkono gizani, na atakachokutana nacho ndicho atakachotoa: masega yaliyokomaa, mabichi, na hata yenye watoto wa nyuki, yote yakakamuliwa pamoja na kuingia harufu ya moshi. Ndiyo sababu mradi ulioanza mwaka wa 1971 kati ya Kenya na Canada, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, ukabuni ule mzinga wenye vijiti vya mbao juu, ambao hadi leo unajulikana ulimwenguni kwa jina la Kenya. Mfugaji huinua sega moja moja, akakata lililofunikwa nta pekee na kuwaachia nyuki mengine. Kwa hivyo ukimkuta muuzaji anayejua asali yake imetoka katika mzinga wa aina gani, mpe sikio. Huyo anaijua kazi yake.

Tena sisi tunaosafiri kwa matatu kwenda jijini kila siku huwapita wataalamu wa nyuki bila kujua. Pale Kasarani, karibu na barabara ya Thika, ndipo yalipo makao ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka wa 2014 kilifungua maabara ya afya ya nyuki inayohudumia Afrika nzima.

Sasa, utaijuaje asali safi? Kila mtu ana jaribio lake. Wako wanaochovya njiti ya kiberiti katika asali kisha wakaiwasha. Wengine hutia tone katika glasi ya maji waone kama litazama. Kuna hata wanaongoja siafu, eti siafu hawali asali halisi! Majaribio haya yaache. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito hufaulu karibu yote, na asali halisi iliyorinwa wakati wa mvua, yenye maji mengi kidogo, huweza kuanguka. Rangi nayo haikuambii kitu, kwani asali huwa nyeupe, ya dhahabu au nyeusi kama chai ya rangi kulingana na maua. Ikiganda chupani ikawa kama mafuta ya ng'ombe, usimkimbilie muuzaji kumgombeza. Kuganda ni tabia ya asali, hasa penye baridi kama kwetu, kwa sababu aina moja ya sukari iliyomo, glukosi, hujitenga na kufanya chembe.

Cha kuangalia ni povu na harufu. Asali inayotoa povu juu na kunukia uchachu imechacha kwa kuzidi maji. Viwango vya kimataifa huruhusu maji yasiyozidi asilimia 20 kwa asali nyingi. Chupa ambayo zamani ilikuwa ya soda au ya pombe, isiyo na jina la aliyeijaza, ni bahati nasibu. Bora kununua kwa mtu mmoja unayemfahamu, au chupa yenye jina la mtayarishaji na alama ya ubora ya KEBS, hata kama bei imezidi kidogo.

Mtoto hajafika mwaka

Hapa naomba akina mama, akina baba na hasa akina nyanya wanisikilize kwa makini. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asionjeshwe asali. Asilambishwe kidoleni, asipakwe kwenye chuchu ya mpira ili anyamaze, asitiliwe katika uji.

Sababu ni hii. Katika udongo na vumbi huwamo mbegu za bakteria wanaoleta ugonjwa uitwao botulizimu. Nyuki huweza kuzibeba mpaka mzingani. Ndani ya asali mbegu hizo haziwezi kuota, maana asali ni nzito na ina maji machache mno, lakini pia hazifi. Hulala tu. Mimi na wewe tukizila hazitudhuru, kwani matumbo yetu yamejaa bakteria wema ambao hawazipi nafasi. Tumbo la mtoto mchanga bado ni shamba tupu. Mbegu zikifika humo huota na kutoa sumu inayozuia mishipa ya fahamu isiamuru misuli. Madaktari waliutambua ugonjwa huu kwa watoto wachanga mara ya kwanza huko California, Marekani, mwaka wa 1976, na asali ikagunduliwa kuwa mojawapo ya njia zake.

Dalili huanza kimyakimya. Mtoto hukosa choo siku kadhaa, na kila mtu husema ni tumbo la kawaida. Kisha kilio chake hupungua nguvu, hanyonyi vizuri, kope zinalegea na shingo haishikiki. Mwisho misuli ya kupumua hulegea. Ukiona hayo, usingoje kesho wala usitafute dawa ya choo dukani. Mkimbize hospitali, iwe Ruiru Level 4 au Thika Level 5, na uwaambie wauguzi waziwazi kama alipewa asali. Wengi wa watoto wanaofikishwa mapema na kusaidiwa kupumua hupona.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu ni wa nadra. Watu watakuambia, "Sisi sote tulilambishwa na tuko hai." Ndiyo, wengi wako hai. Lakini mbegu hizo hazionekani, hazinuki, na kuchemsha kwa sufuria hakuziui, kwa maana zinataka joto la juu kuliko maji yanayotokota. Asali nzuri kabisa kutoka kwa mfugaji mwaminifu kabisa inaweza kuwa nazo. Mbona ucheze kamari na mtoto, wakati ambapo katika miezi sita ya kwanza hahitaji chochote isipokuwa maziwa ya mama? Mama anayenyonyesha, kwa upande wake, anaweza kula asali bila hofu. Mbegu hizo hazipiti katika maziwa yake. Katika familia za Kiislamu zinazomfanyia mtoto tahniki, tende hutosha.

Najua ugumu uliopo. Si rahisi mke wa mwana kumnyang'anya mkwewe chupa mbele ya wageni. Wanaume, hii ni kazi yenu. Mwambie mama yako taratibu, kabla hajafika mlangoni: "Cucu, kliniki wamekataza mpaka mtoto afikishe mwaka." Kisha mwachie yeye chupa hiyo aitunze, na siku ya kutimiza mwaka awe wa kwanza kumwonjesha.

Kikohozi na kisukari

Baada ya mwaka mmoja mambo hubadilika. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitaja asali mwaka wa 2001 kuwa mojawapo ya vitu vinavyoweza kutuliza koo la mtoto mwenye kikohozi cha mafua. Mwaka wa 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 105: waliopewa asali kabla ya kulala walikohoa kidogo na kulala vizuri kuliko ambao hawakupewa kitu. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu nusu kijiko cha chai kinatosha, mkubwa apewe kijiko kimoja, nusu saa kabla ya kulala. Ukitaka, changanya na maji vuguvugu na tangawizi kidogo. Kile kinywaji cha limau, tangawizi na asali kinachoitwa "dawa" katika hoteli zetu si uongo mtupu, bora ukumbuke kwamba kinatuliza tu. Mtoto anayepumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ana shida ambayo asali haiigusi. Hali kadhalika kikohozi kilichopita wiki mbili ni cha kupelekwa kupimwa.

Jambo la pili linalonitia wasiwasi ni wazee wetu wenye kisukari. Jirani mmoja hapa Ruiru aliondoa sukari mezani kwa ajili ya baba yake, akaweka chupa ya asali mahali pake, na mzee akawa anajitilia bila hesabu. "Hii ni ya Mungu, si ya kiwandani," ndivyo alivyoniambia. Miezi michache baadaye vipimo vya kliniki vilikuwa vimepanda, na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Jibu liko katika mizani. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na karibu yote yaliyobaki ni maji. Vitamini na madini yanayosifiwa sana yamo kwa kiasi kidogo mno. Tena asali ni nzito. Kijiko cha mezani cha asali kina uzani wa gramu 21 hivi, na 17 kati ya hizo ni sukari. Kijiko hicho hicho kikijazwa sukari ya duka bila kurundikwa huwa na gramu 12 au 13. Kwa hivyo anayebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza sukari, hakupunguza! Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2015 unaiweka asali katika kundi moja na sukari ya mezani, na kushauri kwamba sukari za kundi hilo zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50 kwa siku, na ikipungua hadi 25 ni afadhali zaidi. Faida ya asali ni kwamba ina utamu mkali, na anayejua kujizuia hutosheka na kidogo. Mzee mwenye kisukari aihesabu kama sukari na amweleze daktari wake. Mambo ya "asali haina madhara kwa mwenye sukari" ni maneno ya muuzaji.

Kuhusu vidonda nitasema machache. Wamisri wa kale walitibu vidonda kwa asali, na sayansi ya leo imewapa haki: asali hunyonya maji, ina ukali wa asidi, na hutengeneza dawa ya kuua viini inapokutana na unyevu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina yalipona mapema kwa siku nne au tano yakifungwa kwa asali. Lakini hiyo ni asali iliyosafishwa viini kwa mionzi na kufungwa kwa ajili ya hospitali. Ya jikoni ibaki jikoni. Mtoto akiungua na chai, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha nendeni kwa daktari.

Kwenye kioo

Sasa turudi kwa yule msichana wa Juja. Asali hulainisha ngozi kavu, hilo halina ubishi, kwa kuwa huvuta unyevu na kuushika. Nawa uso kwa maji vuguvugu, changanya kijiko cha chai cha asali na kijiko cha maziwa ya mtindi, paka, kaa dakika 15, osha. Mara moja au mbili kwa wiki. Kabla ya hapo paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima, hasa ukiwa mtu wa kupiga chafya maua yakichanua.

Chunusi ni habari nyingine. Huko New Zealand walijaribu asali ya dawa pamoja na sabuni ya kuua viini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 hayakuonyesha kwamba iliishinda sabuni hiyo peke yake. Chunusi zikizidi, mwone daktari wa ngozi. Na usiongeze limau kwenye mchanganyiko wako kisha ukatoka juani kungoja matatu. Maji ya limau na ndimu yakipigwa na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Wala asali haimfanyi mtu mweupe. Asante Mungu.

Kwa nywele zilizokauka, vijiko viwili vya mezani vya asali katika vitatu vya mafuta ya nazi, pakaa kabla ya kuosha, funika kwa kofia ya plastiki nusu saa. Osha vizuri sana, usije ukalala na siafu. Midomo inayopasuka kwa baridi ya Julai inataka zaidi nta kuliko asali. Yeyusha kipimo kimoja cha nta kwa vitatu vya mafuta ya nazi katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, mimina katika kikopo, na umepata mafuta ya midomo ya familia nzima.

Jikoni

Mwenye kukaa Thika bila kuchoma nanasi anajinyima. Kata nanasi vipande vya unene wa kidole, paka asali iliyochanganywa na maji ya limau na mdalasini kidogo, weka juu ya makaa yaliyopoa kiasi, dakika mbili au tatu kila upande. Kula likiwa moto.

Kuku wa asali watu humharibu kwa haraka. Chukua vipande vinane, vipake vitunguu saumu punje nne zilizopondwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, maji ya limau moja, vijiko viwili vya sosi ya soya, pilipili kwa kadiri upendavyo, na uache saa nzima. Bado usitie asali. Choma au oka mpaka kuku aive kabisa, na dakika kumi za mwisho ndipo umpake vijiko vitatu vya asali, ukimgeuzageuza. Ukiitia mwanzoni itaungua na kuwa chungu, nyama ya ndani ingali mbichi.

Katika keki, penye kikombe kimoja cha sukari tia robo tatu ya kikombe cha asali, punguza maziwa au maji kwa vijiko vitatu vya mezani, ongeza robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, na ushushe moto wa tanuri kwa nyuzi 15 hivi, kwani keki ya asali hupata rangi upesi. Pakaa kikombe cha kupimia mafuta kidogo kwanza, na asali itateleza yote bila kubaki. Ile ya uji wa wimbi itiwe sufuria ikishatoka motoni, harufu yake isipotee na mvuke.

Usiweke asali kwenye friji, itaganda haraka. Ifunike vizuri na uiweke kabatini mbali na jiko. Ikishaganda, simamisha chupa ya kioo ndani ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, ukiyabadilisha yakipoa, mpaka ilegee. Usiichemshe. Itaganda tena wiki mbili zijazo, nawe utafanya vivyo hivyo.